Ziwa letu hulishwa na hewa pia

Kwa Mhariri,

Nimezifuatilia barua za wasomaji wenzangu kuhusu vifo vya samaki katika Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria, na karibu zote zinalaumu mito na mitaro ya majitaka. Sipingi hata kidogo. Mtu akisimama kwenye daraja la Ahero baada ya mvua ya Aprili, autazame Mto Nyando ukipita na rangi ya matofali, hahitaji mtaalamu wa kumweleza udongo wa milimani unaishia wapi. Lakini Ziwa Victoria lina mlango mwingine mkubwa ambao hakuna aliyeutaja, nao ni anga iliyo juu yake.

Mimi hufuga ngege (tilapia) katika vizimba vya ziwani. Mnamo Novemba 2022, wakati wafugaji wengi wa upande wetu walipopata hasara, nilifika ziwani kabla ya jua kuchomoza nikawakuta samaki wamesongamana juu ya maji, midomo wazi, wakihema, na maji yenyewe yakinuka kama yai viza. Kufikia saa mbili asubuhi wengi walikuwa wamegeuka matumbo juu. Majirani walizungumzia sumu, na mzee mmoja akanishauri nijiulize nimemkosea nani (sina mali ya kuniletea maadui wa kiwango hicho). Kilichowaua ni kukosa oksijeni. Mwani, ile mimea midogo sana inayoyafanya maji kuwa ya kijani, unapotanda ziwani, mchana hutoa oksijeni, lakini usiku nao huivuta kama viumbe wengine, na ndiyo maana alfajiri huwa saa mbaya zaidi kwa mfugaji. Ukifa huzama, ukaoza chini, na bakteria wanaouozesha hutumia oksijeni iliyosalia huko. Kisha siku upepo unapobadilika na kuyatibua maji, yale ya chini yaliyokwisha pumzi hupanda hadi kwenye vizimba, ambako samaki hawana pa kukimbilia.

Swali basi ni nani anayeulisha mwani huo. Chakula unachokihitaji hasa ni naitrojeni na fosforasi. Naitrojeni haiusumbui, kwa kuwa baadhi ya mwani wa ziwa hili, ule wa kijani-buluu, hujichotea naitrojeni moja kwa moja kutoka hewani. Fosforasi haipatikani kwa njia hiyo. Ni lazima iletwe. Huletwa na udongo na mbolea kupitia mito, kama wasomaji walivyosema, ila watafiti waliopima mvua na vumbi linaloanguka ziwani wameeleza kwamba sehemu kubwa yake hutoka angani, ikibebwa na vumbi la mashamba na moshi wa nyasi, misitu na mabaki ya mazao yanayochomwa. Jambo hili halishangazi ukilikumbuka umbo la ziwa lenyewe: lina eneo la takriban kilomita za mraba 68,800 na kina cha wastani cha mita 40 hivi, kwa hiyo ni sahani zaidi kuliko chungu, na takriban asilimia 80 ya maji yake ni mvua inayolinyeshea moja kwa moja. Sahani iliyoachwa wazi kiasi hicho hupokea chochote kinachopeperuka.

Upepo wetu nao hufanya kazi ya mchukuzi. Mchana huvuma kutoka ziwani ukipeleka unyevu hadi miinuko ya Nandi na Kericho, ambako wakulima wa majani ya chai wanaijua vyema mvua ya mawe ya alasiri. Usiku nchi kavu inapopoa, hugeuka na kushuka kuelekea ziwani, na hapo ndipo radi zinazowatisha wavuvi wa omena (dagaa) huzaliwa. Sasa fikiria shamba la miwa lililochomwa jioni katika uwanda wa Kano ili majani makavu na nyoka viondoke kabla ya wakataji kuingia. Masizi yake husafiri na upepo huo huo. Wanaoishi upande wa Kibos wanayafahamu; huyakuta asubuhi kwenye shuka walizosahau kuanua.

Sisemi kwamba miwa peke yake iliwaua samaki wangu, wala siwalaumu wakataji, ambao kazi yao ni ngumu kuliko yangu. Ninalosema ni kwamba tunaweza kuisafisha mitaro yote ya Kisumu, tukapanda miti kandokando ya Nyando, na bado mwani ukapata chakula, ikiwa kilimo, mazingira na uvuvi zitaendelea kuwa idara tatu ambazo moto wa shambani hauhusu hata moja kati yake. Kaunti zinazopakana na ziwa zingeweza kuanza kwa kuweka vyombo vichache vya kupimia kinachoanguka kutoka angani, fukweni na visiwani, na kwa kukubaliana na wakulima kuhusu siku na saa za kuchoma, kulingana na mwelekeo wa upepo.

Januari iliyopita, kwa udadisi tu, niliweka beseni jeupe lenye maji juu ya paa la kibanda cha mlinzi wangu. Baada ya siku nane maji yalikuwa na utando wa kijivu, na chini palikuwa na vipande vyeusi vyembamba kama kucha za mtoto. Nimeyahifadhi katika chupa safi, na afisa yeyote mwenye kifaa cha kupimia fosforasi anakaribishwa kuja kuyachukua.

Wako mwaminifu,
Mfugaji wa samaki,
Kisumu