Kombora la Mjerumani au la Mwingereza, hilo lisubiri kwanza

Mhariri, salaam. Naandika kutoka huku Lindi, upande wa Mahiwa, naomba barua yangu itoke maana nilichokiona mwezi uliopita bado kinanikosesha usingizi.

Watoto wa dada yangu walikuwa wanachimba shimo la choo, kwenye futi nne hivi sururu ikagonga chuma. Wakatoa kitu kirefu kama toka vidoleni mpaka kwenye kiwiko, kichwa kimechongoka, kitako bapa, kutu imekila mpaka kinabanduka magamba. Herufi hamna, namba hamna. Nafika nakuta watu kama ishirini wamekizunguka, kijana mmoja kachuchumaa anakisugua na brashi ya waya na mafuta ya taa eti aone kimeandikwa nini, na mzee mmoja anasema kipasuliwe tu, ndani mna zebaki nyekundu ya Mjerumani, ni mamilioni hayo.

Jamani, hiyo zebaki nyekundu haipo, haijawahi kuwepo, ni uongo wa matapeli. Kilichopo huku ni mabaki ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Tarehe 15 mpaka 18 Oktoba 1917 jeshi la Mjerumani chini ya kamanda Lettow-Vorbeck na jeshi la Mwingereza, lililokuwa na askari wengi kutoka Nigeria, walipigana hapahapa Mahiwa na wengi waliokufa ni Waafrika wenzetu wa pande zote mbili. Mizinga ilipigwa kweli kweli, na siku zote kwenye vita yapo makombora yanayoanguka bila kulipuka, yanazama kwenye udongo yanakaa.

Sasa hili la kukosa alama ndilo linalowaponza watu, wanadhani kisicho na maandishi ni chuma kitupu. Kombora likitoka kiwandani lina rangi na mihuri, na rangi ndiyo inayosema ndani mna nini, lakini miaka zaidi ya mia ardhini rangi inaisha, mihuri inaliwa na kutu, baruti inabaki. Na baruti nyingine za zamani hizo, zile za asidi ya pikriki, zikishikana na chuma zinatengeneza chumvi inayoweza kulipuka kwa kusuguliwa tu, na yule kijana alikuwa na brashi ya waya mkononi!

Nilipiga simu kituo kimoja cha polisi, nikajibiwa "lileteni tulione". Tulilete na nini, bodaboda? Nikakataa. Tukaweka matawi ya miiba kuzunguka shimo, tukalala zamu siku mbili, mtendaji akahangaika na simu mpaka wakaja wanajeshi wanaojua kazi yao.

Wale hata hawakuuliza ni la Mjerumani au la nani. Mmoja alilala kifudifudi akaangalia karibu na kitako, kuna pete ya shaba imezunguka, na kwenye ile pete kuna mikwaruzo ya mshazari imepangana sawasawa kama meno ya kitana. Baadaye akatueleza, mikwaruzo ile inachongwa na mifereji ya ndani ya mtutu, kwa hiyo ukiiona ujue kombora lilishapigwa, likaruka, likatua bila kulipuka, fyuzi yake, yaani kile kiwashio cha kulilipua, ilishaamka na hilo ndilo baya zaidi. Akatusogeza mbali sana, wakapanga viroba vya mchanga, wakalilipua palepale. Mbuzi wa kijiji kizima walikimbia. Shimo la choo tumelihamisha.

Sasa Mhariri, pete hiyohiyo watu wa chuma chakavu wakiiona wanaona kopa, yaani shaba, wanaipiga patasi waitoe wakauze. Na tusisahau Ngara mwaka 2017, mtoto aliokota bomu la mkono akidhani ni chuma chakavu cha kuuza, akaenda nalo shuleni, wakafa watoto watano na wengine zaidi ya arobaini wakaumia. Naomba wanaohusika wabandike picha za vitu hivi kwenye ofisi za vijiji, shuleni na hasa kwa wanaonunua chuma chakavu, na anayepokea simu kituoni afundishwe kusema "msiguse, kaeni mbali, tunakuja".

Na wafanye haraka, maana Jumamosi nimepita kwa mnunuzi mmoja wa chuma huku kwetu, kuna kitu cha umbo lilelile kimelala chini ya mizani yake, na pete imeshatolewa. Nimemwambia mtendaji, simu zimeshapigwa, mpaka leo naandika bado kipo.

Msomaji wenu, Lindi