Rudisha ile 51

Mwanangu mpendwa,

Hujambo? Mimi mzima, ila baridi ya Songea mwezi huu si ya kuchezea. Picha za daftari lako zimefika zote, mshukuru mjomba wako kwa kukuazima simu. Nimezisoma usiku, zamu ilipotulia, na nimezikuza hadi naona alama za kalamu ya risasi. Ndipo nikaona kitu ambacho nadhani hukutaka nikione. Nitakifikia.

Umeandika kwamba mlipofika Makumbusho ya Taifa wenzako walikimbilia magari ya zamani ya Mwalimu Nyerere, wewe ukabaki kwenye habari za fuvu la Zinjanthropus, yule kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, na hata ndani ya basi la kurudi ulikuwa bado unauliza: hiyo miaka milioni 1.75 wameihesabuje, wakati hakukuwa na mtu wa kuandika tarehe? Nimelipenda swali hilo kuliko kurasa zako zote za majibu.

Mary Leakey aliliona fuvu lile Olduvai tarehe 17 Julai 1959, siku ambayo mumewe, Louis, alikuwa kambini anaumwa. Mwanzoni Louis alikisia kuwa lina umri wa miaka kama 600,000. Mwaka 1961 ikatoka hesabu ya mawe, iliyofanywa na Jack Evernden na Garniss Curtis wa chuo kikuu cha Berkeley, Marekani: miaka milioni 1.75. Karibu mara tatu ya alichodhani yeye! Na jina lake Leakey liko kwenye taarifa hiyo pamoja nao.

Fuvu lenyewe hawakulipima umri. Walipima jivu la volkano lililoganda kuwa mwamba katika tabaka lile lile. Ndani ya mawe ya volkano kuna potasiamu, hii hii iliyomo kwenye ndizi za bibi yako, na kidogo sana kati yake ni ya aina inayoitwa potasiamu-40, ambayo haitulii. Polepole inageuka: sehemu kubwa inakuwa kalsiamu, na kama sehemu moja katika kumi inakuwa gesi ya agoni. Volkano inapolipuka, mawe yakiwa yameyeyuka, agoni ya zamani inatoroka hewani. Yakipoa na kuganda, mlango umefungwa. Agoni yoyote itakayozaliwa tangu hapo inabaki ndani ya jiwe. Ukiipima, ukaipima na potasiamu iliyobaki, unajua mlango ulifungwa lini.

Ugumu wake ni huu. Nusu ya potasiamu-40 inahitaji miaka bilioni 1.25 ili igeuke. Kwa hiyo katika ile miaka milioni 1.75, katika kila atomu elfu moja, hata moja nzima ilikuwa haijafika kugeuka. Wale watu walikuwa wanatafuta kitu kidogo mno, na gesi ya agoni imejaa pia katika hewa tunayovuta, inaweza kuingia na kuharibu kipimo. Fikiria umakini wao.

Sasa tuje kwenye vizibo vya soda. Umechukua vizibo 80, ukavitia kwenye ndoo, ukavimwaga sakafuni, ukatoa vyote vilivyoangukia upande mmoja, ukahesabu vilivyobaki, ukamwaga tena. Jaribio zuri sana. Kila kizibo ni atomu, kila mrusho ni kipande cha muda. Huwezi kujua kizibo gani kitatoka safari hii, lakini vikiwa vingi unajua takribani vingapi vitatoka. Hata atomu ziko hivyo: hakuna anayejua ipi itageuka leo, ila zote kwa pamoja zina mwendo wake.

Jedwali lako limeandikwa kwa wino: 80, 40, 20, 10, 5. Limenyooka mno. Nilipoikuza picha nikaona kuwa chini ya wino kuna kalamu ya risasi iliyofutwa, na ufutio wako haukufanya kazi yake vizuri, ashukuriwe Mungu. Nilisoma 80, 51, 34, 21, 14.

Sikuandikii kukugombeza. Nadhani najua ilivyokuwa. Kitabu kimesema nusu, ukapata 51, ukaona umekosea mahali fulani, na kesho daftari linakaguliwa. Kuna watu wazima wenye vyeti ukutani wanaofanya hivyo hivyo, na wao hawana udhuru wa kuwa darasa la saba.

Lakini huku wodini, mgonjwa akiwa jana na joto 37.2 na leo kipima joto kinasema 39.6, naandika 39.6. Hata kama nilitarajia amepona, hata kama daktari alishamwahidi kwenda nyumbani. Naweza kupima tena, naweza kubadilisha kipima joto, naweza kuandika pembeni "nimepima mara mbili". Siwezi kuandika 37.4 kwa sababu ndiyo niliyoitaka. Ile 39.6 ndiyo inayotuambia kuna jambo.

Na 51 yako inasema jambo. Chukua kikokotoo ugawe: 51 kwa 80, halafu 34 kwa 51, 21 kwa 34, 14 kwa 21. Nimeshagawa, lakini nataka ufanye mwenyewe. Utaona kila mrusho vinabaki kama theluthi mbili. Kama ungekuwa umehesabu vibaya, majibu yangeyumba huku na huku. Haya hayayumbi.

Shika kizibo kimoja ukiangalie. Upande mmoja ni bapa, wa pili una shimo na meno pembeni. Hakifanani pande zote mbili, kwa nini basi kiangukie sawasawa? Kitabu kilisema nusu kwa sababu kilikuwa kinazungumzia sarafu. Wewe ulirusha vizibo, navyo vikakupa mwendo wa vizibo: nusu yake inafikiwa baada ya mrusho mmoja na zaidi kidogo ya nusu ya mwingine. Hivyo hivyo potasiamu-40 ina miaka yake bilioni 1.25, na kaboni-14, inayotumika kupima mkaa na mifupa ya karibuni, ina miaka kama 5,730 tu. Ndiyo maana hiyo ya pili haiwezi kutumika Olduvai, ingekuwa imekwisha kitambo. Haya yote yalikuwa kwenye namba ulizofuta.

Nifanyie hivi. Usichane ukurasa. Kata jedwali la wino kwa mstari mmoja, liendelee kusomeka, uandike chini yake zile namba za mwanzo. Kisha mwombe bibi sarafu za kwenye kopo la genge, umrudishie zote, urudie jaribio kwa sarafu. Hata hapo usishangae ukianza na 80 ukabaki na 43 au 36. Bahati ina kuyumba kwake. Ukikusanya mirusho mingi ndipo utakapoona sarafu zinakusogeza kwenye nusu na vizibo vinakataa. Mwalimu akiuliza kwa nini kuna majedwali mawili, mweleze kama nilivyokueleza, kwa adabu.

Nikupe na kisa kimoja, maana najua unapenda vichekesho. Mwaka 1976 huko Laetoli, kusini ya Olduvai, watafiti walikuwa wanatupiana mavi makavu ya tembo, watu wazima wenye digrii zao! Mmoja wao, Andrew Hill, akajikuta yuko chini, na alipotazama ardhi akaona nyayo za wanyama ndani ya jivu lililokuwa jiwe. Mwaka 1978 ndipo zikapatikana zile maarufu za viumbe waliotembea kwa miguu miwili, za miaka milioni 3.66. Lakini kulikuwa na nyayo nyingine tano, zilizoonekana kabla ya hizo, zilizokaa vibaya: pana, na mguu mmoja ukivuka mbele ya mwingine. Hazikufanana na zile nyingine, baadhi ya watu wakasema labda ni dubu. Zikaachwa, mchanga ukazifunika. Zilichimbuliwa upya, zikapimwa vizuri, zikalinganishwa na nyayo za dubu wa Marekani, na mwaka 2021 ikatangazwa kuwa si dubu. Inaelekea ni kiumbe wa jamii ya binadamu, tena wa aina nyingine na yule wa 1978. Kama yule aliyezipima mara ya kwanza angezirekebisha kwenye karatasi zifanane na nyingine, leo nani angejua pa kurudi?

Mfupa wa kuku kwenye siki umeueleza vizuri, sina la kuongeza. Siki imeondoa madini, imebaki ile sehemu laini inayopinda. Mfupa wa Olduvai umepita njia ya kinyume: kilicho laini kimekwenda, madini yamebaki na mengine yakaingia. Bibi ananiambia umemaliza chupa yake nzima. Nimetuma hela.

Lile la nyayo ulilolifanya kwenye jivu la mkaa na maji liendeleze. Pima urefu wa unyayo wa kila mtu pale nyumbani, halafu urefu wake wote, ugawe. Kwa watu wazima unyayo hukaribia asilimia 15 ya urefu. Kwa njia za namna hii Fidelis Masao na Elgidius Ichumbaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao, walipopata nyayo mpya Laetoli, walitangaza mwaka 2016 kwamba mmoja wa waliopita pale alikuwa na urefu wa sentimita kama 165. Mjomba wako anajitangaza kuwa na 175. Mpime unyayo kwanza, kabla hajajua unataka nini.

Namba zitakazotoka, zilete zote kama zilivyo. Nitapiga Jumapili mchana nikitoka zamu.

Mama yako