Shoga, utafiti wako usiukabidhi kwa flashi moja

Tanga, Jumapili usiku

Shoga yangu Mwajuma,

Salaam nyingi. Huku hatujambo, goti la mama limepungua kuuma, mvua nazo zimeanza. Mengine atakusimulia Bi Tatu akifika Morogoro Ijumaa. Mimi leo nina jambo moja, na limeninyima usingizi tangu nisikilize ile sauti uliyonitumia.

Umesema kwa kupitia tu, kama vile si kitu: laptopu umemwachia kaka, utafiti wote umo kwenye flashi, ukitaka kuchapa unakwenda nayo steshenari. Wote, shoga? Sura nne pamoja na majibu ya wale akina mama wa sokoni uliozunguka kuwahoji juani miezi mitatu?

Sikiliza yaliyonikuta muhula huu. Nilipeleka flashi kuchapa mitihani ya darasa la sita. Niliporudi na kuichomeka, kila folda imegeuka shotikati, yenye kamshale pembeni. Nikabofya moja, ikafunguka, nikashukuru Mungu. Kumbe ndiyo nimemfungulia mlango mwizi. Kirusi cha namna hiyo huficha folda zako halisi, kikaweka shotikati zenye majina yaleyale. Ukibofya, kinakuonyesha mafaili yako usishtuke, huku chenyewe kinaingia kwenye kompyuta. Kila flashi iliyochomekwa pale baadaye ikaambukizwa, hadi ya mwalimu mkuu. Niliona aibu, wallahi.

Aliyenisaidia ni yule kijana wa Mama Ridhiwani. Kwanza alinikataza kufomati, yaani kuifuta flashi yote, maana mafaili yalikuwa bado yamo, yamefichwa tu. Akaskani kompyuta na flashi kwa ile kinga ya Windows yenyewe, Defender. Kisha akaandika cmd kwenye sehemu ya kutafutia, akafungua kile kidirisha cheusi, na kwa kuwa flashi ilisomeka kama E, akaandika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Akabonyeza Enter, na folda zangu hizo, zimerudi! Iandike mahali. Ila angalia herufi ya flashi yako, huenda ni D au F.

Nilidhani yameisha. Siku ya tatu flashi ikagoma kusomeka kabisa, kompyuta hii na ile. Hapo hakuna amri ya kuifufua. Flashi hufa ghafla bila kukohoa, ikaondoka na maendeleo ya wanafunzi ya mihula miwili. Nililia, Mwajuma. Na yale yalikuwa maksi tu, ningeweza kuyakusanya upya kwenye madaftari. Wewe wale akina mama utawapata wapi tena?

Ndiyo maana nakuomba, leo hii, kabla hujalala, utafiti ukae sehemu tatu. Flashi ibaki kuwa moja. Ya pili, Drive, ile ghala ya mtandaoni ya akaunti yako ya Gmail. Unapewa GB 15 bure, na ingawa barua pepe na picha zako zinakula humo humo, maandishi ya sura nne ni kitu kidogo sana, bando halitaisha. Ukishindwa hata hilo, jitumie mwenyewe kwa barua pepe. Gmail inakuruhusu kutuma kiambatisho hadi MB 25. Ya tatu ni laptopu, na kaka airudishe.

Kila ukimaliza kuandika, sevu kwa jina lenye tarehe. Hayo majina yako ya "sura3 mpya" na "sura3 mpya kabisa" yatakufanya siku moja umpelekee msimamizi ile ya zamani.

Na steshenari usipeleke tena flashi yenye kazi. Geuza sura kuwa PDF, hata kurasa hazitahama ukifungua kwenye kompyuta yao, uwatumie kwa barua pepe yao. Au nunua flashi nyingine ya kuchapia tu, isiyo na kitu kingine. Ukilazimika kufungua akaunti yako pale dukani, usinyanyuke kwenye kiti kabla hujatoka kwenye akaunti. WhatsApp pia: kwenye simu yako angalia vifaa vilivyounganishwa, kama kuna kompyuta usiyoijua, itoe. Binti wa shangazi alikuta ya dukani imekaa humo wiki mbili, watu wanasoma mazungumzo yake. Lakini hilo tuliache, nitakusimulia tukionana, maana lina mengi.

Narudi palepale, usinichoke. Majibu ya sokoni uliyaandika kwenye karatasi kwanza au moja kwa moja kwenye simu? Karatasi bado unazo? Kama unazo, zipige picha zote kesho asubuhi, nazo uzipandishe Drive. Akaunti ya Gmail ni ile tuliyofungua pamoja chuo, na neno la siri unalikumbuka? Namba ya simu uliyoisajilia bado unayo au ndiyo ile laini iliyopotea? Kaka anarudi lini na laptopu? Na flashi hiyo, hivi sasa ninavyokuandikia, iko wapi?

Ukishapandisha nitumie neno moja tu, "tayari", hata kama ni saa nane za usiku.

Wako,
Mwanahamisi