Harambee ya paa la kaskazini: sleti za mita 60 za mraba

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zetu mnaosali nasi kwa Kiswahili hapa Finistère, ncha ya magharibi ya Ufaransa, na ninyi mlio mbali mnaofuatilia habari za parokia.

Tunaomba euro 6,000. Zitanunua sleti (vipande bapa vya mawe vya kuezekea), mbao na misumari ya shaba ya mteremko wa kaskazini wa paa la kanisa. Jukwaa la kupandia na ujira wa mafundi vinalipwa na halmashauri ya mji, kwa kuwa tangu sheria ya 1905 iliyotenganisha dini na serikali makanisa ya parokia ya zamani Ufaransa ni mali ya miji, na parokia inayatumia. Sisi tumebeba vifaa.

Ukisimama nje huoni tatizo. Ingia ndani, tazama juu. Makanisa mengi ya Léon, yaani eneo letu la kaskazini mwa Finistère, hayana dari la mawe. Kuta ni za itale, juu yake kenchi za mwaloni, na chini ya kenchi zimepigiliwa mbao zilizopinda kama tumbo la mashua iliyopinduliwa, kisha zikapakwa rangi. Dari hilo ni jepesi, kwa hiyo kuta hazihitaji nguzo kubwa za kuzishikilia kwa nje. Pale mbao zinapokutana na ukuta unapita mwamba mnene wa mwaloni uliochongwa urefu wote: malaika, wanyama, wakulima na majembe yao. Boriti zinazovuka kutoka ukuta hadi ukuta zinatokea kwenye vinywa vya majoka. Hayo ndiyo tunayoyapoteza, kwa sababu dari la mbao linaficha uvujaji.

Maji yakipenya hayadondoki papo hapo. Yanateleza nyuma ya mbao zilizopakwa rangi hadi kwenye mwamba, yanatulia, na mwaloni unayanywa. Dalili ya kwanza ni rangi kubanduka kwenye sura za malaika. Wakati huo ncha za boriti zilizozama ukutani huenda zimekwisha kuwa laini. Kisha huja bungua, na baada yao kuvu wanaloliita hapa mérule, linalopenda mbao mbichi na hewa isiyotembea. Likishakomaa hupita hata katikati ya mawe kwenda kutafuta mbao nyingine, na kulitoa humaanisha kukata na kuchoma mbao nyingi nzima. Hali ya hewa ya Finistère inalifaa mno.

Kwa nini upande wa kaskazini? Jua halifiki, mimea midogo ya kijani inayopenda unyevu huota kati ya sleti na kuzinyanyua, na upepo wa Atlantiki husukuma maji yapande kinyume cha mteremko. Misumari ya chuma iliyotumika zamani imeliwa na kutu: jiwe lenyewe zima, lakini linachomoka na kuteleza. Kuna kosa jingine la miaka iliyopita, viungo kati ya mawe ya ukuta kuzibwa kwa saruji. Itale yenyewe hainywi maji kirahisi, basi unyevu ulikuwa ukitokea kwenye chokaa ya viungoni. Saruji imeufungia ndani, kando kabisa ya ncha za boriti. Viungo hivyo vitachokolewa na kujazwa chokaa, na gharama yake imo katika sehemu ya mji.

Hesabu yetu ni hii. Sleti moja ina urefu wa sentimita 32 na upana wa 22. Kila mstari unafunika ule wa chini hivi kwamba sentimita 10.5 tu zinabaki wazi, kwa hiyo popote mvua inapopiga kuna mawe matatu yamelaliana. Mita moja ya mraba inakula sleti 43 hivi na misumari 86. Kwa mita 60 ni kama sleti 2,600. Tunaagiza 2,860, kwa kuwa moja katika kumi huvunjika au hukatwa pembeni. Pamoja na mbao za kupigilia, tumeweka euro 100 kwa mita moja. Familia moja ikibeba mita moja, au wanakwaya watano wakichangiana mita moja, kazi inakwenda. Wapo waliouliza kwa nini tusipige mabati, ni rahisi. Jengo linalindwa na serikali kama urithi, na kila kifaa lazima kikubaliwe kwanza.

Majengo haya yalitokana na michango tangu mwanzo. Katika karne ya 16 na 17 wakulima wa Léon walilima kitani, wakafuma, na bandari ya Morlaix ikauza vitambaa Uingereza na Hispania. Fedha zilifika kwa wazee wa parokia, wakaweka hesabu na kuagiza waashi, kila parokia ikitaka kuipita jirani. Guimiliau ilisimamisha kalvari yake, yaani mnara wa mawe wenye msalaba na sanamu za mateso ya Yesu, kati ya 1581 na 1588, yenye sanamu kama 200. Saint-Thégonnec ikajibu kwa yake mwaka 1610. Vita vya mfalme Louis XIV na Uingereza vikabana soko, fedha zikakauka. Ndiyo maana leo vijiji vidogo vina makanisa makubwa kuliko mifuko yao.

Na wageni wamewahi kusaidia. Kalvari ya Plougastel-Daoulas, iliyojengwa 1602 hadi 1604 baada ya tauni, iliharibiwa katika mapigano ya 1944. Mmarekani John Skilton, aliyekuwa jeshini, akachangisha kwao fedha za kuitengeneza. Sisi tuna undugu wa zamani zaidi: Claude Poullart des Places, aliyezaliwa Rennes, katika mkoa wetu huu wa Bretagne, mwaka 1679, ndiye mwanzilishi wa shirika la Roho Mtakatifu, ambalo mapadre wake walifika Zanzibar 1863 na Bagamoyo 1868.

Sleti hupigiliwa miezi ya ukavu, Juni hadi Septemba, na oda lazima itoke mapema. Tunaomba ahadi kabla ya Pasaka. Mpe mweka hazina baada ya misa ya Kiswahili, au tuma moja kwa moja kwenye akaunti ya mji ukiandika "paa la kaskazini". Mji utakupa stakabadhi: anayelipa kodi ya mapato Ufaransa hupunguziwa kodi kwa asilimia 66 ya alichotoa, yaani mita ya euro 100 inamgharimu 34. Walio nyumbani wanaweza kutoa kupitia ndugu aliye hapa, na jina litakaloandikwa daftarini ni la aliyetoa. Kila Jumapili tutabandika mlangoni idadi ya mita zilizopata mwenyewe na zilizobaki.