Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Wanachama wa Chama cha Matembezi na Mazoezi, Chake Chake, Pemba, Mwaka 2024

Wazee wetu, mama zetu, ndugu wanachama na vijana,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Katiba yetu inanitaka kila mwisho wa mwaka nieleze chama kimefanya nini. Hesabu za fedha atazisoma mshika fedha, na orodha ya wanachama anayo katibu, kwa hivyo hayo nawaachia wenyewe. Nafasi yangu nitaitumia kwa jambo moja ambalo kamati imehangaika nalo mwaka mzima: kwa nini mtu anayejua faida ya mazoezi, tena anayetaka khasa, bado anashindwa kutoka nyumbani kwake.

Maana kujua tunajua. Hakuna kati yetu asiye na ndugu au jirani mwenye presha au sukari. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linasema mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano, na mtoto apate saa nzima kila siku. Mwendo wa wastani ni ule ambao unaweza kuzungumza na mwenzio lakini ukitaka kuimba pumzi hazikutoshi. Mwongozo huo umeondoa pia sharti la zamani la kwamba mwendo usiofika dakika 10 mfululizo hauhesabiwi. Kwa hivyo hata kwenda dukani kwa miguu kumo, na kupanda kilima cha kwenu baada ya chakula kumo. Haya tumeyasikia hospitali, redioni na mikutanoni. Lakini hakuna aliyeamka kwa sababu ya takwimu.

Mwanzoni mwa mwaka wajumbe wa kamati waligawana mitaa, wakawapitia wanachama waliokuwa wameacha kuja, kuwauliza taratibu na bila ya lawama. Tulitegemea kusikia habari za uchovu na kazi. Hizo zilikuwepo, lakini kilichotajwa zaidi ni haya, yaani aibu ya kuonekana na watu. Kwetu Pemba mtu mzima akionekana anakwenda mbio mbio njiani, hana jembe, hana kapu, hana mzigo, lazima aulizwe kuna nini. Gari imekuharibikia? Kuna msiba? Na barazani hakukosekani wa kusema lake. Mwanachama wetu mmoja aliambiwa na mzee wa mtaani kwake, kwa nia njema kabisa, kwamba mtembezi hula miguu yake. Akarudi ndani, na asubuhi ya pili hakutoka. Kwa kina mama uzito ni mara mbili: nani atabaki na watoto, avae nini, na watu watasemaje akionekana peke yake barabarani kiza hakijaondoka vizuri.

Hapo kamati ikabadilisha utaratibu. Zamani tulikuwa tukipeleka ujumbe mmoja kwenye simu za watu wote: Jumapili saa 12 asubuhi, kiwanja cha Gombani, karibuni nyote. Ujumbe wa watu wote kila mtu huona anaambiwa mwenziwe. Sasa kila mtaa una kikundi chake kidogo cha watu wanaojuana, na kila kikundi kina mtu wa kubisha hodi. Hapigi simu. Anasimama mlangoni baada ya sala ya Alfajiri, anapiga hodi, anangoja. Ukitaka kuahirisha, mwambie uso kwa uso. Nimeona watu waliokuwa na sababu za kila aina wakivaa raba zao kimya kimya kwa kuwa jirani yupo barazani anawangoja na baridi ya asubuhi.

Nawaomba wanachama mliopewa kazi hii msiione ndogo. Chama hiki kimesimama juu ya migongo yenu mwaka huu kuliko juu ya mgongo wa mwenyekiti.

Niruhusuni nimtaje, bila jina, bi mmoja wa Wawi. Alijiunga baada ya kuambiwa na daktari kwamba sukari yake imepanda. Wiki ya mwanzo alikuja na kandambili, akafika kwenye mwembe wa mwanzo, akakaa chini. Wenzake hawakumrudisha nyumbani wala hawakumvuta. Walimwachia chupa ya maji, wakaendelea, na wakati wa kurudi wakamchukua. Siku nyingi zilikuwa hivyo hivyo: yeye na mwembe wake. Kisha asubuhi moja alipofika pale akaupita, na alipoulizwa kama hapumziki akajibu, "Msinikalishe tena, nami nataka kuona huko mnakokwendaga." Leo hii ndiye anayebisha hodi kwa majirani zake, na kikundi chake hakijawahi kulala.

Kwa habari yake ndipo nilipo na rai yangu, na naisema nikiiamini: hamu haimtangulii mtu. Anayekaa kitandani akiingoja hamu ije ndipo atoke, atangoja mpaka jua litoke. Hamu humkuta mtu njiani, mara nyingi akishatoa jasho la mwanzo. Kwa hivyo chama kisijisumbue kuwatia watu hamu kwa maneno. Kazi yetu ni kumvusha mtu kizingiti cha mlango wake. Mbele ya hapo njia yenyewe itamfanyia kazi.

Na njia zetu zinaweza. Waarabu waliokuwa wakipita bahari hii wakikiita kisiwa chetu Jaziratul Khadhraa, kisiwa cha kijani, na wala hawakututia chumvi. Unguja sehemu kubwa ni tambarare; Pemba ni vilima na mabonde, mpunga chini na mikarafuu juu. Huwezi kutembea nusu saa hapa bila ya kupanda na kushuka. Wako watu wanaolipa fedha nyingi kupata kinachofanana na hichi.

Mwaka huu, mbali na matembezi ya kila wiki ya mitaani, tulikwenda safari za mbali kidogo. Pujini tulikwenda kwa miguu na kurudi kwa gari. Yale magofu ya ngome ya Mkama Ndume, ya karne ya 15, wengi wetu tumeyasikia hadithi zake tangu utotoni na hatujawahi kuyakanyaga. Vijana walishangaa kuona kwamba mtawala yule alichimba mfereji wa kuingiza vyombo kutoka baharini. Kidike tulikwenda jioni kuwaangalia popo wa Pemba, wale wakubwa wasiopatikana pengine popote duniani. Wazee waliokuwepo walisimulia namna popo hawa walivyokuwa wakiwindwa kwa kitoweo hadi wakakaribia kumalizika, na namna wanavijiji wenyewe walivyoamua kuwalinda. Wapo sasa, wananing'inia mitini kwa wingi, wanagombana kwa kelele, na jua likizama wanaruka kwenda kutafuta matunda.

Safari iliyobaki vinywani mwa watu ni ya Ngezi. Tulikodi gari mpaka Konde, tukaingia msituni na muongozaji. Ngezi ni kipande kilichobaki cha msitu wa asili ambao zamani ulifunika sehemu kubwa ya kisiwa kabla ya mikarafuu. Ndani mna mivule ambayo ukitaka kuona kilele chake lazima uinue uso mpaka kofia ianguke, na mna mpapindi, mti wa jamii ya minazi ambao kwa asili yake hauoti kwengine ila Pemba. Muongozaji alitusimamisha, akatutaka tunyamaze kabisa. Kikundi cha watu waliozoea kuzungumza tangu Chake mpaka Konde kikanyamaza. Tulisikia majani makavu yakipasuka chini, ndege juu, na pumzi zetu wenyewe. Mama mmoja aliniambia baadae kwamba hakumbuki mara ya mwisho alipokaa pahala asiitwe na mtu.

Kutoka msituni tukateremkia ufukweni Vumawimbi. Walioweza waliendelea hadi mnara wa taa wa Kigomasha, mnara wa chuma, wakapanda ngazi zake za kuzunguka. Kutoka juu unaiona ncha ya kaskazini ya kisiwa chako, na mkondo wa Pemba upande wa magharibi. Wanachama watatu waliokuwa wakisema wataacha baada ya safari ile, hawajaacha.

Ramadhani iliingia katikati ya Machi, na kabla haijamalizika mvua za masika zilikuwa zimeshaanza, tena mwaka huu zilikuwa nyingi. Hicho ndicho kipindi vikundi vingi vya mazoezi hufa. Tuliamua mwezi wa Ramadhani tutembee kidogo tu kabla ya kufuturu, mwendo wa pole, ili mtu asiikate kabisa tabia. Baada ya Idi ya Aprili kazi ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu ya utelezi. Ule udongo mwekundu wa vilimani ukilowa haujali raba yako ni ya bei gani. Vikundi vilihamia barabara za lami, na siku za mvua kubwa walifanya mazoezi ya viungo ukumbini. Haikuwa na raha ya msituni, lakini watu walionana, na Juni ulipoingia upepo wa kusi na baridi ya kipupwe, hapakuwa na haja ya kuanza upya.

Msimu wa karafuu nao una adabu zake, na nataka hili lisisitizwe kwa wanachama wapya. Tangu kimbunga cha mwaka 1872 kilipoiangusha mikarafuu ya Unguja, riziki ya kisiwa hichi imekuwa kwenye mti huu. Wakati wa uchumaji mtu haonekani shambani kwa watu akasema anafanya mazoezi. Kabla ya kupita njia yoyote ya mashamba, kiongozi wa kikundi amuone sheha, yaani kiongozi wa serikali wa eneo hilo, na asiwe na mwanachama anayekata njia ya mkato chini ya mikarafuu ya mtu. Karafuu zilizoanikwa kando ya barabara kwenye majamvi zizungukwe, hata kama ni kuingia kwenye nyasi. Na anayekutana na wachumaji awatolee salamu kwanza, mwendo baadae. Kwa adabu hizi ndiyo maana wale waliokuwa wakituuliza kama tumeharibikiwa na gari, sasa wanatuuliza mbona leo mmechelewa.

Kikundi cha wanaume cha jioni bado hakijaweza kusimama imara. Kilianza kwa nguvu, kisha mpira na baraza vikakishinda. Kamati inapendekeza kisifutwe bali kihamishiwe alfajiri, mtaa kwa mtaa, kwa utaratibu wa hodi ule ule. Skuli mbili zimeomba tuwatembeze wanafunzi wakati wa likizo. Nimewajibu kwamba tuko tayari mradi walimu wao wawepo na wazazi waridhie kwa maandishi.

Tarehe 1 Januari, kama ilivyo ada yetu Zanzibar, ni siku ya mazoezi ya viungo, na vikundi vya Unguja na Pemba hukutana. Tushiriki kwa wingi na kwa nguo za heshima. Ila nawaomba viongozi wa mitaa waitazame zaidi tarehe 2, kwa kuwa siku ya bonanza kila mtu huja.

Mambo matatu yanahitaji uamuzi wenu leo. Kwanza, kila kikundi kiwe na wabisha hodi wawili badala ya mmoja, ili mmoja akiumwa au akisafiri kikundi kisilale. Pili, vikundi vya kina mama vijipangie wenyewe saa na njia zao, na kamati isiwaingilie ila kwa kuwasaidia. Tatu, safari ya Ngezi irudiwe Februari kabla ya masika, na wasio na uwezo wa nauli wachangiwe kutoka mfuko wa chama bila ya majina yao kutangazwa.

Wanaotaka kujiandikisha kwa safari hiyo wamuone katibu mara baada ya mkutano.

Wabillahi tawfiq.

Mwenyekiti