Jiwe la mkojo halingoji tarehe ya kliniki

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu linaingia nyumbani kwangu Makorora mwaka wa 19 sasa na sijawahi kuwaandikia. Leo imenibidi, kwa ile habari yenu ya mawe ya figo kuvunjwa bila kisu. Mwandishi ameisifu mashine, akaeleza vizuri jinsi mawimbi ya mshtuko yanavyopita mwilini na kulipiga jiwe mpaka likatoka na mkojo kama mchanga. Kuhusu muda hakuandika hata mstari mmoja. Na muda ndio uliomuumiza mume wangu.

Baba watoto ni dereva wa lori. Mwaka jana, saa nane za usiku, alishikwa na maumivu ubavuni yakashuka mpaka kinenani. Majirani wakasema ngiri, wakaleta mizizi ya kuchemsha. Kulipokucha nikampakia kwenye bajaji. Akachomwa sindano, maumivu yakatulia, tukarudishwa na vidonge. Usiku wa tatu yakarudi. Anatapika, anajikunja sakafuni, mtu mzima analia mbele ya wanawe. Ndipo akapigwa CT scan: jiwe la milimita 8 limekwama kwenye mrija unaoshusha mkojo kutoka figo hadi kibofu, na figo imeanza kuvimba. Jiwe lisilofika milimita 5 mara nyingi hutoka lenyewe, hili halikuwa la kusubiriwa. Daktari akasema linafaa kupigwa mawimbi, tukashukuru Mungu. Kisha tukapewa tarehe ya Dar es Salaam: wiki saba mbele. Wiki saba, Mhariri, mrija umeziba na mkojo unaielemea figo! Nilipiga simu nikaambiwa mashine ile ni ya wagonjwa wa miadi, si ya dharura. Wiki ya tano homa ikampanda, anatetemeka ndani ya mablanketi mawili katika joto hili la Tanga. Tukapanda basi, kilomita kama 350, kila mara anaomba lisimame akojoe na yanatoka matone. Kufika tukaambiwa mkojo una maambukizi, na mwenye maambukizi hapigwi mawimbi, ni hatari. Wakamwekea kwanza mpira wa kuutoa mkojo figoni. Jiwe lilitolewa baadaye kwa njia nyingine, lakini figo ile ya kushoto haikurudi kufanya kazi yake.

Mgonjwa wa kwanza alivunjiwa jiwe kwa mashine hii Munich, Ujerumani, mwezi Februari 1980. Ni zaidi ya miaka 40. Binti yangu, aliyesomea uuguzi, alinionyesha mwongozo wa Uingereza wa 2019: mwenye jiwe kwenye mrija huo, akiwa na maumivu yasiyovumilika au jiwe lisilotarajiwa kutoka lenyewe, atibiwe ndani ya saa 48. Saa, si wiki.

Na hawa wauza dawa wanaozunguka Ngamiani na vipaza sauti, wanaoahidi kuyeyusha jiwe kwa siku tatu, nani anawaruhusu? Mawe mengi ni ya kalsiamu, na hayo hayayeyushwi na kinywaji chochote. Shemeji yangu alinunua chupa mbili tukiwa tunangoja ile tarehe, na kila chupa ilitupa matumaini ya wiki nzima.

Ombi langu kwa wenye mashine ni hili. Kila asubuhi waache nafasi mbili wazi mpaka saa nne kwa walioingia usiku na jiwe lililokwama, wawe wa Dar, wa Tanga au wa Lushoto. Ikifika saa nne hajaja mtu, wamwingize wa miadi. Na daktari wa huku anapoandika rufaa apige simu yeye mwenyewe, asimwachie mke wa mgonjwa. Nanyi mkiandika tena habari hii, andikeni kwa herufi kubwa kwamba mwenye jiwe akipata homa asilale nyumbani hata usiku mmoja. Mimi sikulijua hilo, nikamfunika blanketi.

Mama wa Makorora,
Tanga