Wimbo wa kunawa mikono wanao, sabuni hawana

Mhariri,

Mimi nauza viazi karai, achari na mabuyu nje ya geti la shule moja ya msingi huku Kisauni. Tarehe 15 Oktoba, Siku ya Kunawa Mikono Duniani, watoto waliimbishwa tena: kiganja kwa kiganja, kati ya vidole, chini ya kucha, sekunde 20. Wimbo wameuweza, hata mimi nimeushika. Lakini kengele ya mapumziko ikilia, wanatoka chooni mbio hadi kwangu, mikono ina vumbi la gololi na shilingi kumi imebanwa mdomoni.

Rangi ya mabuyu huwaumbua. Mtoto akishayamung'unya, vidole huwa vyekundu, avilambe, kisha aende kujimwagia maji. Akirudi, viganja vimefifia, ila kati ya vidole na pembeni mwa kucha wekundu uko vile vile. Mwalimu angelitumia hilo darasani: wawili wapakwe rangi, mmoja anawe maji matupu, mwenzake asugue kwa sabuni, darasa zima liwakague. Mayai ya minyoo na vijidudu vya kuhara hawavioni kwa macho, wekundu wanauona.

Tatizo ni hiyo sabuni. Shule zilipofunguliwa Januari 2021, wakati wa korona, hapa kila mlango ulikuwa na pipa la maji lenye koki na sabuni juu yake. Leo koki zimevunjika, na pipa moja linawekewa mafagio. Ukiuliza, unaambiwa maji ni shida. Kweli, Mombasa hii nani asiyelijua hilo? Mfereji ukikauka tunakimbilia kisima, na kwa maji ya chumvi kipande cha sabuni hakitoi povu la maana. Watoto wanasugua weee, mwisho wanakitupa mchangani.

Dawa yake si ghali. Sabuni ya unga kidogo itiwe kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu, itikiswe, kifuniko kitobolewe kwa msumari, kisha chupa ifungwe kamba pale pale wanapotokea chooni, si karibu na ofisi ya mwalimu mkuu ambako mtoto anaogopa kupita. Na mwalimu wa zamu, ambaye kila mapumziko husimama getini kutufukuza sisi wauzaji, asimame kando ya chupa hiyo. Sisi hatukimbii.

Mimi nimeshaweka mtungi na chupa kama hiyo kando ya karai langu, asiyenawa simuuzii. Wengine wamehamia kwa jirani yangu wa maembe asiye na masharti. Ndiyo maana naomba kamati ya wazazi ikikutana ilijadili jambo hili kabla ya kurudia mazungumzo ya kupaka geti rangi mpya.

Muuza viazi karai,
Kisauni, Mombasa